Chura wa Geim na Swali Letu la "Ili Iweje"

Jamani naendelea, wa nyuma sogeeni, viti viko wazi huku mbele. Mnajua nilichokuja kusema, nimeshakisema mpaka kuna watu wakiniona wanabadili njia, ila nitakisema tena: ubunifu tunao, tunaubana wenyewe na hili swali letu la "ili iweje?" Mtu akipanga vijiko mezani vikawa sura ya mtu, ili iweje. Mtu mzima akiongea na pasi yake, ili iweje, huyu yuko sawa kweli?

Sasa Andre Geim. Ndiyo, yule wa chura, mlioisikia vumilieni. Huyu bwana ni mwanafizikia, alikuwa Uholanzi, maabara ina sumaku kubwa balaa, na Ijumaa moja jioni akaamua kuimiminia maji ndani. Maji! Kwenye mashine ya watu! Wewe ukifanya hivyo kazini, kesho yake unaandika barua ya kujieleza. Basi maji hayakuanguka, yakabaki yameelea humo matone matone, kwa sababu sumaku huwa inayasukuma maji kidogo sana, kwa kawaida huoni kitu, ila ikiwa na nguvu ya kutosha ule msukumo unalingana na uzito wake. Mimi na wewe tungesema haya tumeona, tukafunga mlango tukaenda zetu. Yeye akawaza, chura si amejaa maji? Akatiwa chura mzima, akaelea, hiyo 1997, na alitoka salama kabla hamjaniuliza. Mwaka 2000 akapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu ndo unaanza kufikiri. Akaipokea bila kununa. Tena 2001 akachapisha makala ya kisayansi kabisa, mwandishi mwenza ni hamsta wake, kale kamnyama ka kufugwa kama panya, jina lake Tisha.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, huyo ana maabara, mimi nina nini. Ngoja basi. Geim yuleyule akahamia Manchester, Uingereza, akawa na Konstantin Novoselov, bado wanatenga muda wa kujaribu mambo ya ajabuajabu. Pale watu walikuwa wanasafisha grafiti, ni ile nyeusi ya kwenye penseli, unabandika selotepu juu yake unabandua, selotepu inaenda dastibini. Wao wakaitazama ile takataka. Juu yake kuna vipande vyembamba mno, wakaendelea kubandua na kubandua mpaka wakapata tabaka lenye unene wa atomi moja tu, ndo grafini hiyo, wakachapisha 2004, na 2010 ikaja Nobel yenyewe. Kwa selotepu! Halafu mtu ananiambia hana vifaa.

Ila msinielewe vibaya, sijasema cheza upate Nobel, ukicheza kwa hesabu hiyo umesharudi kulekule kwenye ili iweje. Michezo mingi inaishia kuwa mchezo tu, umecheka, yamekwisha, na mimi sioni hasara hapo.

Haraka haraka, maana naona saa. Picasso, yule msanii mchoraji, 1942 alichukua siti ya baiskeli na usukani wake akaviunganisha, kikawa kichwa cha fahali. Vitu viwili vilivyochakaa, basi. Na kuna jaribio lilichapishwa 2000, la watafiti wawili, German na Defeyter, watoto wanaonyeshwa kwanza boksi likiwa na vitu ndani halafu wanapewa tatizo ambalo linatatuliwa kwa kulitumia boksi hilohilo kama ngazi ya kupandia. Wa miaka 6 na 7 walichelewa, kwao boksi ni la kuwekea vitu. Wa miaka 5 wala, kwao boksi ni chochote. Yaani tunaanza kuganda tukiwa wadogo hivyo! Hapa nilitaka niwape zoezi la kalamu, na kuna lingine la kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, lakini mwenyekiti ameshasimama. Haya, maswali, anzeni nyie wa nyuma mliogoma kusogea.