Mizani ya Kumpimia Anayedai Kukutana kwa Siri na Viumbe wa Sayari Nyingine

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na ndugu zangu mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja hapa Upanga, nawashukuru. Miezi mitatu iliyopita, baada ya mazungumzo kama haya, kijana mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Alikuwa na daftari la shule lililofungwa kwa mpira, na aliponifunulia niliona kurasa zimejaa michoro ya kalamu ya bluu, kila mchoro na tarehe na saa yake. Alinieleza kwamba usiku, nyumbani kwao Mbagala, hujiwa na viumbe wasio wa dunia hii, na kwamba wamemkataza kusema. "Mzee wangu, nakuambia wewe kwa sababu najua hutanicheka," alisema. Sikumcheka, na mhadhara huu umetokana na daftari lile.

Watu wengi wakisikia habari ya namna hiyo hukimbilia kuuliza kama msemaji ni mwongo. Mimi naliona hilo kuwa swali dogo, kwa sababu mtu anaweza kuwa mkweli wa moyo na habari yake isiwe kweli. Aliyewahi kukabwa na jinamizi analijua hili kwa mwili wake mwenyewe: umeamka, unaiona dari, unakiona chandarua, lakini mkono haunyanyuki, kifua kimekandamizwa, na una hakika kabisa kwamba kuna mtu chumbani. Wataalamu wa usingizi wanaeleza kwamba wakati wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili tusiyatende tunayoyaota, na kwamba mara nyingine fahamu hurudi kabla ulegevu huo haujaondoka, ndoto ikaendelea huku macho yako wazi. Huyo anayehisiwa chumbani hupewa jina na jamii ya anayemhisi. Mwaka 1995 kule Pemba, watu walipolala nje kwa makundi kando ya moto kwa kumwogopa Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku, masimulizi mengi yalifanana mno na jinamizi. Kwingineko mkandamizaji huyohuyo huitwa mgeni kutoka sayari nyingine.

Wachukueni Betty na Barney Hill, mke na mume wa New Hampshire, Marekani, watu wa heshima zao, mke akiwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii na mume akifanya kazi posta. Usiku wa 19 Septemba 1961 waliona mwanga ambao kwao ulikuwa kama unalifuata gari lao. Siku chache baadaye Betty akaanza kuota kwamba walichukuliwa na kuingizwa ndani ya chombo. Mwaka 1964 daktari wa magonjwa ya akili, Benjamin Simon, aliwatia katika usingizi wa kitabibu uitwao hipnosisi, na wote wawili wakasimulia kutekwa. Wengi walitosheka hapo, wakisema mashahidi wawili wamekubaliana. Lakini Simon mwenyewe, aliyewasikiliza kwa miezi, alihitimisha kwamba simulizi la kutekwa lilitokana na ndoto za Betty, ambazo mumewe alikwisha kuzisikia. Shahidi wa pili aliyekwisha kusikia maneno ya wa kwanza hawezi kuhesabiwa kuwa wa pili.

Jambo hilohilo hunirudia nikifikiri kuhusu Ruwa, Zimbabwe, ambako tarehe 16 Septemba 1994 watoto wapatao 62 wa Shule ya Ariel walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla yake, mabaki ya roketi iliyorushwa na Urusi yalikuwa yamewaka angani kusini mwa Afrika, na watu wakazungumza sana juu ya mianga ile. Kisha baadhi ya watoto wakahojiwa kwa makundi, huku wakisikilizana. Siamini kwamba watoto wale walidanganya. Nasikitika tu kwamba hawakuhojiwa mmoja mmoja, siku ileile, na mtu asiye na shauku ya jibu lolote.

Siri ndiyo inayotutatiza zaidi, kwa sababu humnyima msikilizaji kila kitu ambacho angekishika: mahali, kifaa, mtu wa kuulizwa. Hata hivyo anayesimulia sana hatimaye hutaja jambo linaloweza kupimwa, nasi tulikamate hilo. George Adamski alidai kwamba Novemba 1952, katika jangwa la California, alikutana na mtu kutoka Zuhura. Zuhura ndiyo sayari ing'aayo kama nyota ambayo wavuvi wa Feri huiona majira ya alfajiri ikipanda juu ya bahari, na wakati ule mawingu yake mazito yalimruhusu kila mtu kuijaza alichopenda. Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu nayo kikapima joto kali. Mwaka 1970 Venera 7 cha Wasovieti kilitua na kuonyesha joto la nyuzi 475 hivi za Selsiasi, linalotosha kuyeyusha madini ya risasi. Mtu aliyefundishwa na wenyeji wa Zuhura hakuambiwa hata kwamba kwao kunaunguza! Nimesoma masimulizi ya namna hii kwa miaka mingi, na bado sijakutana na msimulizi aliyeletewa ujuzi ambao wanadamu hawakuwa nao, ukaja kuthibitika baadaye.

Kuna pia wanaoaminiwa kwa vyeo. Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa afisa wa ujasusi, aliapa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba serikali yake inaficha vyombo visivyotengenezwa na wanadamu. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, habari hizo alipewa na wengine. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja, aliyeona aseme alichokiona, na kiapo hakigeuzi kusikia kuwa kuona. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyochunguza madai hayo ilisema haikupata uthibitisho. Mtaniambia kwamba wizara haiwezi kuwa hakimu wa kesi yake yenyewe, na nakubali. Lakini kutomwamini mshtakiwa hakumpi mlalamikaji ushahidi ambao hana.

Kijana wangu wa Mbagala nilimuuliza analala saa ngapi. Alinijibu kwamba analinda ghala usiku na kulala vipande vipande, chali, kabla ya mapambazuko. Nilimweleza habari za jinamizi, akasikiliza, akasema huenda, lakini wageni wake wamemwahidi jambo litakaloonekana angani. Nilimpa karatasi akaliandika, akatia sahihi na tarehe, tukaifunga bahasha mbele ya dada yake. Siku aliyoitaja ni ya mwezi ujao. Bahasha iko kwangu, na tutaifungua sote watatu.