Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya maofisa takwimu na wataalamu wa maji

Ndugu Mwenyekiti, wenzangu wa takwimu, na nyinyi wahandisi mliokwenda kuketi nyuma kana kwamba jambo hili haliwahusu: walionisikia mara mbili tatu wanajua nitakachosema, nami sitawaomba radhi kwa kurudia, maana kosa lenyewe, la kuhesabu kisichopimwa kuwa sifuri, nalo halijachoka kujirudia.

Mnaishi Arusha, kwa hiyo sina haja ya kueleza floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi hutia meno rangi ya kahawia. Mimi mwenyewe natoa ushahidi kila ninapotabasamu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini miamba ya volkano inayotuzunguka haijawahi kusoma waraka huo. Chemchemi moja hutoa maji yasiyo na shida, na nyingine, ambayo mtoto huenda kwa miguu na kurudi kabla ya chai, hutoa maji yenye floraidi mara kadhaa ya kiwango.

Sasa, miaka michache iliyopita niliitwa kukagua dashibodi, yaani ukurasa wa kompyuta unaowafupishia viongozi takwimu, ya vyanzo vya maji vya eneo moja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwenye kazi sitamtaja, na tarakimu nitakazozitumia ni za mfano, ila hesabu ni ileile. Katikati ya skrini palikuwa na mshale mkubwa kama wa spidi mita ya gari, umelala kwenye rangi ya kijani, na chini yake umeandikwa wastani wa floraidi, 1.14. Viongozi waliridhika, na mmoja alikwisha kuinuka kwenda kunywa chai. Nikauliza eneo hilo lina vyanzo vingapi, nikajibiwa kumi. Nikauliza vilivyopimwa ni vingapi, na hapo kila mtu akamtazama kijana wa kompyuta.

Tulipofungua jedwali, vilivyopimwa vilikuwa sita: 0.4, 0.6, 0.8, 1.1, 2.9 na 5.6. Jumlisheni, mtapata 11.4. Gawanyeni kwa sita, mtapata 1.9, ambayo imevuka kiwango. Gawanyeni kwa kumi, mtaipata ile 1.14 ya kijani. Vile vyanzo vinne ambavyo hakuna aliyewahi kuvifikia na chupa ya sampuli vilikuwa vimehesabiwa kuwa havina floraidi hata chembe, yaani vimeshinda vyote vilivyopimwa, na ushindi huo waliupata kwa sababu barabara ya kwenda huko ilikuwa na tope.

Yule kijana hakuwa mzembe. Fomula ya wastani ya Excel, ile programu ya majedwali, huruka kisanduku kitupu, na yeye alilijua hilo vizuri. Asilolijua ni kwamba ukikirejelea kisanduku kitupu kutoka karatasi nyingine, kwa fomula ya kawaida ya alama ya sawasawa, kinachokuja si utupu bali ni 0. Na hiyo 0, ikishafika, inahesabiwa kama kipimo halali. Alikuwa na karatasi ya kukusanyia na karatasi ya kuonyeshea, na pengo liligeuka sifuri lilipokuwa likivuka kutoka moja kwenda nyingine. Hakuna onyo jekundu lililotokea, kwa kuwa programu iliona kila kitu kiko sawa.

Wote mmepanda daladala ya Usa River ambayo mshale wa spidi umekufa. Gari linateremka kwa kasi ya kuwatia watu maombi mdomoni, na mshale umetulia kwenye sifuri. Hakuna abiria hata mmoja anayedhani kwamba gari limesimama, kwa sababu anaiona migomba ikipita dirishani. Shida ya mkuu wetu, yule anayeamua kwa kutazama dashibodi, ni kwamba ofisini kwake hakuna dirisha la kuonea migomba. Mshale tuliompa sisi ndio macho yake.

Najua mnachotaka kuniambia. Mtasema mkuu hana muda, anataka namba moja. Mkuu huyohuyo akienda mnadani kununua ng'ombe haulizi wastani wa uzito wa zizi zima. Mama anayeteka maji kwenye chanzo chenye 5.6 hanywi 1.14, wala hanywi 1.9, kwa hiyo hata tungekuwa tumegawanya kwa sita, bado tungekuwa tumemficha. Mwandikieni mkuu sentensi moja juu kabisa ya ukurasa: vyanzo 2 kati ya 6 vilivyopimwa vimevuka kiwango, na vyanzo 4 havijapimwa. Sentensi hiyo husomwa kwa muda uleule wa kutazama mshale, na baada yake mtu anajua gari la sampuli liende wapi kesho asubuhi.

Mtasema pia kwamba mapengo yakionekana, dashibodi itaonekana haijakamilika na mfadhili atauliza maswali. Haijakamilika, kweli! Basi aulize, na pengine swali lake likazaa mafuta ya gari. Pengo lipewe rangi ya kijivu, liandikwe "hakijapimwa", na kila kipimo kiwe na tarehe yake, kwa sababu kipimo cha miaka mitatu iliyopita kuvaa kijani cha leo ni udanganyifu wa aina hiyohiyo. Na maabara ikisema floraidi ilikuwa chini ya uwezo wa kifaa kuipima, hiyo nayo si sifuri, na si pengo. Ni jibu la tatu, nalo linastahili alama yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nina slaidi kumi na moja mkononi, kwa hiyo nitazipitia mbio. Kuhusu rangi: wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wapo wakuu wanaochapisha kila kitu kwa printa ya wino mweusi, ambako nyekundu na kijani huja kijivu kimoja, kwa hiyo ongezeni neno au umbo. Kuhusu chati duara, ambayo William Playfair aliichapisha mwaka 1801: watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba jicho hulinganisha nafasi kwenye kipimo kimoja kwa usahihi kuliko pembe, basi vipande saba vya keki vipeni nguzo saba. Nguzo hizo zianzie sifuri, maana ukikata miguu yake tofauti ndogo itaonekana kubwa. Grafu ya mstari haifungwi na sharti hilo, ingawa jambo hilo lina ubishi wake ambao leo hatutaufungua. Kuhusu simu, ramani nzito na intaneti ya vijijini, ninyi mnajua kuliko mimi, naziruka.

Kila meza ina kompyuta moja yenye faili la mazoezi, lenye vyanzo ishirini na vitano. Kabla hamjachora chochote, nendeni kwenye safu ya vipimo, mhesabu visanduku vitupu na visanduku vyenye 0, muandike idadi mbili hizo kwenye karatasi. Wahandisi, tafadhali sogeeni mbele. Ni ninyi mnaojua ni chanzo kipi kati ya hivyo ambacho hamkukifikia.