Viungo Tunavyotoa na Nafasi ya Tovuti Zetu katika Utafutaji

Ndugu wasimamizi wa tovuti, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: je, kiungo ninachokiweka kwenda kwenye tovuti ya mtu mwingine kinaipunguzia yangu hadhi mbele ya Google, na je, nikikitia alama ya nofollow, yaani neno la kuiambia injini ya utafutaji kwamba sikidhamini, nitakuwa nimeokoa kitu? Jibu langu ni kwamba hakuna kinachookolewa. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa hofu hii huwafanya hata waandishi wazuri wasite kuwaonyesha wasomaji mahali walikozipata habari zao.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza hesabu ya kupima umuhimu, au uzito, wa kurasa za mtandao, waliyoiita PageRank. Kila ukurasa hugawa uzito wake kwa kurasa unazozielekea, na ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nzito hupanda. Viungo vikawa mali, na watu wakaanza kuvipachika popote palipowezekana kuandikwa, hasa kwenye maoni ya wasomaji. Ndipo mwezi Januari 2005 Google, Yahoo na MSN, injini ya utafutaji ya Microsoft wakati huo, wakaafikiana kuitambua nofollow, neno linaloandikwa katika sifa iitwayo rel ndani ya msimbo wa kiungo chenyewe, ili mwenye ukurasa aweze kusema kwamba hakidhamini kiungo hicho.

Muda si mrefu wajanja wakaona mwanya. Chukueni ukurasa wenye alama kumi za uzito na viungo kumi. Kila kiungo kinapata alama moja. Wakajiuliza: tukivifunga vitano kwa nofollow, si vitano vilivyobaki vitapata alama mbili mbili? Kwa kipindi fulani hesabu ilikwenda hivyo, na watu wakashinda wakifunga viungo vya kurasa zao wenyewe. Lakini mwaka 2009 Matt Cutts, aliyekuwa mhandisi wa Google, alieleza kwamba utaratibu ulikuwa umebadilishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo: vile vitano vilivyo wazi vinapata alama moja moja kama kawaida, na alama za vile vilivyofungwa zinapotea tu, hazimrudii mtu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mjadala wa kubana uzito ulipopaswa kufa.

Septemba 2019 Google ikaongeza maneno mawili: sponsored kwa viungo vilivyolipiwa, na ugc kwa vile vilivyowekwa na watumiaji. Wakati huo huo nofollow ikaacha kuwa amri katika upangaji wa matokeo, ikawa dokezo ambalo injini ya utafutaji inaweza kulizingatia au kuliacha.

Hatari ya kweli iko kwenye fedha. Anayepokea malipo akaweka kiungo bila kuonyesha kwamba kimelipiwa anavunja kanuni za Google, na tovuti yake inaweza kuadhibiwa kwa viungo inavyovitoa, si kwa vile inavyovipokea tu. Aliyelipa naye hasalimiki. Mwezi Januari 2012 Google iliushusha ukurasa wa kivinjari chake yenyewe, Chrome, baada ya kampeni ya matangazo kuzaa kiungo kilicholipiwa kisicho na nofollow.

Kuhusu noopener na noreferrer, maneno mengine yanayoandikwa katika rel, sitakawia: ya kwanza hulinda dirisha la msomaji wako lisichezewe na ukurasa unaofunguka, ya pili huficha alikotoka, na hakuna kati yake inayogusa nafasi yako katika utafutaji.

Basi kiungo ulichokichagua mwenyewe kwa kuwa kinamfaa msomaji, kiache wazi, bila alama yoyote. Kilicholipiwa kiandikie sponsored. Kama tayari kina nofollow, hakuna haja ya kukibadilisha. Na tovuti yako ikiwa inapokea maoni, hakikisha programu inayoiendesha inaweka ugc au nofollow yenyewe, kwa sababu hutaweza kukagua kila kiungo kwa mkono.