Starlet Yako Inakunywa Mafuta? Usisahau Kukagua Themostati

Habari zenu wadau, karibuni tena uani. Hili gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Starlet ya 1997, injini ya 4E, cc 1331, gia otomatiki. Kila siku linanitoa Kibaha kwenda Kariakoo na kunirudisha, foleni ya Kimara ikiwemo. Mafuta lilikuwa linakunywa vibaya mno. Leo tunalishughulikia hatua kwa hatua, na vifaa vingi ni vya nyumbani.

Usishike spana bado. Kwanza pima. Nenda sheli, jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, na yule kijana akitaka kukuongezea kidogo ili hela itimie, mwambie basi, inatosha. Bonyeza kijiti cha dashibodi, trip, yaani kile kihesabio cha kilomita za safari, irudi sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka mshale ushuke chini ya nusu, halafu rudi sheli ile ile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka ijikate. Kilomita ulizotembea zigawanye kwa lita zilizoingia sasa hivi. Mimi nilipata kilomita 291 kwa lita 26, yaani 11.2 kwa lita. Ukipima kwa "nimeweka ya elfu ishirini" utajidanganya, maana EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta Tanzania, hutangaza bei mpya kila mwezi na elfu ishirini ya leo si ya mwezi uliopita.

Sasa upepo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Dogo, sogeza kamera. Hiki kistika cha Kijapani kisikutishe, soma tarakimu tu. Namba iliyo kwenye mamia ni kPa, kipimo cha mgandamizo wa upepo. Igawanye kwa 6.9 upate zile PSI za geji zetu. Kikisema 220, jaza 32. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, na ununue geji yako mwenyewe, kwa sababu za mtaani kila moja ina maneno yake.

Breki. Zuia tairi za mbele kwa mawe, shusha hendibreki, piga jeki nyuma, zungusha tairi kwa mkono. Hii ya kulia inazunguka vizuri. Ya kushoto... mnasikia hiyo? Kwaruu, halafu inasimama. Inashika. Maana yake nimekuwa naendesha gari huku breki imekanyagwa kidogo, safari nzima. Tukaifungua, tukasafisha vumbi, tukalegeza waya wa hendibreki. Kama breki hujazizoea, hapo muite fundi, usijaribie.

Haya, tumefika kwenye kiini. Tazama mshale wa joto. Nimetoka Kibaha mpaka Mbezi na bado uko chini kabisa, karibu na C, yaani baridi. Wengi wakiona hivi wanafurahi, "gari langu halichemshi!" Ndugu yangu, hilo ni tatizo. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta inaiongezea mafuta, kama vile asubuhi ya kuwasha. Isipopata joto, kutwa nzima inaongezewa.

Injini ikiwa imepoa kabisa, na narudia, imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, weka beseni chini, mwaga maji. Fuata mpira mnene wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, fungua bolti za kile kikombe cha chuma. Themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, inakaa humu. Mnaona nini? Hakuna kitu! Kuna fundi mmoja miaka ya nyuma gari lilichemsha, akaing'oa na kunihakikishia nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Kumbe rejeta ndiyo ilikuwa imeziba.

Hii mpya usiifunge kabla ya kuijaribu. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, washa jiko. Yangu imegongwa namba 82, ndiyo nyuzijoto inapoanza kufunguka. Maji bado hayajachemka... tazama katikati, inafunguka taratibu. Ukiitoa ikapoa, inajifunga. Nzima hiyo. Unapoifunga, springi itazame ndani ya injini, na kale kakipande kanakocheza pembeni kakae juu ili hewa ipite. Weka mpira mpya wa kuzibia pale inapokaa, rudisha kulanti, yale maji ya rejeta, acha gari liwake huku ukitoa hewa, na kaa ukiangalia mshale. Kama rejeta yako imeziba, izibue kwanza, la sivyo utaua injini na utanilaumu mimi.

Ea klina na plagi sitakaa sana: ea klina ikiwa nyeusi badilisha, plagi zikiwa zimelika badilisha zote nne, na waya zake zikague kama zimepasuka. Keria ya juu ishushe kama huibebei kitu. Zile dawa za kumimina kwenye tangi mimi sinunui.

Mwisho ni mguu wako. Ukiona taa nyekundu za breki kule mbele, achia mafuta mapema, gari lijiendee. Ila usiweke nyutro kwenye mteremko! Gari la EFI, yaani lile ambalo kompyuta ndiyo inapima mafuta ya injini, likishuka na gia bila kukanyaga mafuta, nozeli zinakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ya kukaa sailensa, yaani kunguruma tu bila kukanyagwa, na breki zinabaki peke yake. Waliopita mteremko mkali wa Kitonga kule Iringa wanajua ninachosema.

Wiki mbili baadaye nikarudi sheli ile ile, pampu ile ile. Trip inasoma 322. Zimeingia lita 24. Chukua simu yako upige hesabu.