Kodi Iliyojificha Ndani ya Luku

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu wananchi, nawasalimu. Naona sura nyingi hapa zimekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na mmoja pale nyuma keshaanza kucheka. Cheka tu, ndugu yangu. Leo nalirudia.

Aliyenunua umeme wa luku, ile mita ya kulipia kabla, mwezi huu atoe simu yake. Tafuta ule ujumbe wa tokeni. Achana na zile tarakimu 20, shuka chini kwenye makato. Kuna VAT, kuna REA ya umeme vijijini, kuna EWURA wanaosimamia nishati na maji, halafu kuna 1,500 ya kila mwezi. Hiyo ndiyo kodi ya majengo. Sasa mninyooshee mkono: nani hapa, mwezi ule ilipokatwa, alikwenda kumuuliza diwani wake imefanya nini?

Hakuna. Basi tuendelee.

Mimi nimeanza kazi kwenye uthamini wa majengo mwishoni mwa miaka ya 1990, katika manispaa moja ambayo sitaitaja kwa sababu mengine nitakayoyasema ni aibu yetu. Vifaa vya kazi vilikuwa futikamba, daftari, kalamu ya risasi na kijana wa kukuzuilia mbwa. Unapima nyumba, unaandika paa ni bati au vigae, choo kiko ndani au nje, gari linafika au halifiki. Unapata thamani, inaingia kwenye daftari la uthamini, halmashauri inatoza sehemu yake ndogo.

Kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani. Kila mwaka alikuja mwenyewe dirishani, akalipa, akaikunja stakabadhi na kuitia kwenye mfuko wa nailoni. Hatoki. Anapanda ngazi hadi ofisi ya mhandisi: "Nimelipa. Mtaro wangu uko wapi?" Maji ya masika yalikuwa yanaingia kwake mpaka chini ya cherehani. Mwaka wa kwanza akaambiwa bajeti imefungwa. Mwaka wa pili mhandisi alimwona kupitia dirishani akajifungia chooni; mnacheka, lakini mimi ndiye niliyetumwa kumwambia mzee kwamba bosi yuko saiti. Mwaka wa tatu akaja na majirani sita, kila mmoja na stakabadhi yake mkononi, wakakaa kwenye benchi mpaka saa tisa. Diwani akaitwa. Mwaka wa nne mtaro ukachimbwa.

Wala haukuwa mtaro wa maana. Upana wake kama ndoo, na mvua ya kwanza ukajaa mchanga. Mzee akarudi na stakabadhi.

Ndiyo maana sichoki kumsimulia mzee huyu. Stakabadhi ile ilikuwa na jina lake, namba ya nyumba yake na mhuri wa halmashauri yake. Alijua pesa imekwenda kwa nani, na alijua ngazi ya kupanda. Leo mzee yule angepanda ngazi ipi? Amenunua umeme wa shilingi 5,000, uniti zimekuja pungufu, anawalaumu watu wa umeme. Watu wa umeme watamwambia sisi ni wakusanyaji tu. TRA, mamlaka ya mapato, watamwambia sisi ni wakala wa Hazina. Halmashauri itamwambia, mzee wangu, sisi hatukusanyi. Na wote watatu watakuwa wamesema kweli!

Nawasikia mnanong'ona: halmashauri zilikuwa zinaiba. Ziliiba, ndiyo. Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapotoka mnasoma habari za fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS, zile za kutolea stakabadhi, na kutofika benki. Siwatetei. Lakini konda akila nauli, unamfukuza konda, huuzi basi. Sisi tumeuza basi, tena si mara moja. Dar es Salaam kodi hii walipewa TRA 2008, ikarudishwa halmashauri 2014, ikachukuliwa tena 2016, safari hii si Dar es Salaam peke yake. Daftari la uthamini linataka miaka kulijenga na kila mwaka kulisasisha. Nani atahangaika kupima nyumba ambazo hajui kama kesho bado ni zake kutoza?

Tukafika mahali tukaacha kupima kabisa. Mwaka 2018 ikawekwa bei moja, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa kwenye miji. Mwaka 2021 ikawa 12,000 na 60,000, na Agosti mwaka huo ikaingia kwenye luku. Mwaka 2023 ikapanda hadi 18,000 na 90,000. Piga hesabu: kutoka 12,000 kwenda 18,000 ni nyongeza ya nusu nzima. Mjadala wake mliusikia kwenye baraza gani la madiwani? Enzi za mzee wangu, ukimwongezea nusu ya kodi, cherehani angeileta ofisini.

Na mtu ataniambia, Mzee, 1,500 ni soda mbili, unalalamika nini? Kwanza mimi nimepita 60, nyumba ninayoishi imesamehewa kisheria, kwa hiyo sijililii. Pili, tatizo langu ni kwamba ni ndogo mno kwa asiyestahili udogo huo. Chukua nyumba ya chini pale Masaki, haina ghorofa, ina bwawa la kuogelea na uani ungeweza kucheza mpira. Chukua nyumba ya Tandika, vyumba sita, wapangaji sita, choo kimoja. Zote 18,000. Tena ya Tandika anayelipa ni mpangaji, kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Sheria inamruhusu akamdai mwenye nyumba. Haya, wapangaji mliomo humu, nani amewahi kumkata mama mwenye nyumba 1,500 kwenye kodi ya chumba, akabaki na chumba?

Wenzetu wa Kenya wana matatizo yao. Nairobi ilitumia daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40, na madeni ya kodi ya ardhi pale ni mlima. Lakini ibara ya 209 ya Katiba yao ya 2010 imeandika kwamba kodi ya mali isiyohamishika ni ya kaunti. Gavana akishindwa kuikusanya, ni yeye aliyeshindwa, na kila mtu anajua.

Hapa kwetu diwani anabaki na nini? Kodi ya kichwa iliondoka 2003. Ushuru wa mazao ulishushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000, ushuru wa sokoni ukayeyuka. Kila moja lilikuwa na sababu yake, na mengine hata mimi niliyapigia makofi. Lakini katika mapato hayohayo ya ndani yaliyobaki, asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu nyingine lazima iende kwenye maendeleo, kulingana na ukubwa wa mapato ya halmashauri. Kinachosalia ndicho kinunue dizeli ya gari la taka na kulipa posho za vikao. Mkiliona gari la taka limelala wiki mbili, msiseme dereva mvivu.

Ushuru wa huduma, ule unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, nilitaka kuusema kwa urefu maana ndio unaobeba miji mikubwa, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Na sehemu ya madeni ya wazabuni nimeiruka yote, karatasi zake hizi hapa, atakaye aje achukue.

Karibuni maswali. Ila anayeanza, kabla hajauliza, anitajie kwanza jina la diwani wake.