Shafti Haifungwi Injini Ikiunguruma

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni kufunga slasha ya kufyekea, plau na rotaveta ya kutifulia udongo kwenye trekta dogo. Mambo ya bei na hosipawa waulizeni wauzaji wa mabanda ya jirani, wanayajua kuliko mimi. Mimi nabaki hapa nyuma, kati ya tairi mbili, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia na pesa zinapopotea. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nitasema yale yale.

Zima injini. Vuta breki ya mkono. Ufunguo uwe mfukoni mwako wewe unayefunga, usibaki kwa utingo. Ndipo upite nyuma.

Najua mtakachosema. "Mwalimu, nikizima, mikono ya haidroliki inayoinua mashine nitaipandishaje?" Panda, ilete usawa wa pini, zima, shuka. Hujapata? Panda tena. Mwingine ataniambia betri yake mbovu, akizima haliwaki. Nunua betri, bwana! Trekta la mamilioni, halafu betri ndiyo inakushinda? Na mzee wangu pale anatikisa kichwa, anaona trekta lenyewe dogo, hosipawa 25 tu. Haya, tupige hesabu. PTO, yaani ule mhimili wa nyuma ya trekta unaoendesha mashine, ikizunguka mara 540 kwa dakika, ni mara 9 kwa sekunde. Shafti, yaani fito inayounganisha PTO na mashine, yenye unene wa sentimita 5 ikinasa nguo, ndani ya sekunde moja imekwishavuta mita moja na ushei. Khanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Mpaka upige kelele, khanga imekwisha, na dereva kule mbele hasikii kitu.

Ndiyo maana shafti mpya inakuja na koti la plastiki, na vimnyororo vya kulizuia koti lisizunguke. Nikipita mashambani silioni. Nikiuliza, naambiwa lilikuwa linasumbua. Lilisumbua kwa sababu hamkukata shafti!

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe. Shafti inauzwa ndefu ili ifae matrekta ya kila aina. Ndani ni mabomba mawili, moja linateleza ndani ya lingine. Bwana mmoja huko Kilosa alinunua slasha ya kufyekea kati ya mistari ya mkonge. Shafti ikakataa kuingia, ndefu. Vijana wakailaza slasha chini kabisa, maana ikiwa chini umbali unaongezeka kidogo, wakashindilia kwa nyundo mpaka ikaingia. Koti likapasuka, wakalitupa. Wakashangilia. Dereva akawasha, akainua slasha. Sasa, mikono ikipanda hadi shafti inaponyooka sawasawa, hapo ndipo umbali kati ya trekta na giaboksi ya slasha unakuwa mfupi kuliko wote. Mabomba yakagota. Chuma hakina pa kwenda, kikasukuma giaboksi ya slasha huku na PTO ya trekta kule. Sili inayozuia mafuta ikaachia, beringi ikafuata, mafuta yote chini. Na huyo bwana alikuja kwangu akilalamika kwamba kauziwa trekta feki!

Kupima kwenyewe si kazi ya fundi bingwa. Tenganisha shafti, nusu moja ifunge kwenye trekta, nusu nyingine kwenye slasha. Inua mpaka zinyooke, kisha weka kitu imara chini ya slasha na uzime, usiitegemee haidroliki. Zilaze nusu hizo sambamba, utie alama, na uache nafasi ya kuteleza, sentimita 3 au 4 zinatosha kwa shafti nyingi, ila kitabu chake kikisema vingine fuata kitabu. Unachokata kwenye bomba moja, kata hicho hicho kwenye la pili, na plastiki zote mbili vilevile. Piga tupa, paka grisi, unganisha. Halafu shusha slasha hadi chini uangalie: mabomba yawe bado yameingiliana angalau theluthi. Yakibaki yameshikana kwa ncha tu, umekata mno, hiyo ni ya kutupa. Mwisho, ukiivalisha kwenye meno ya PTO, isukume mpaka isikike "ta!" kisha uivute kwa nguvu. Isipotoka, imeshika.

Mpangilio wa kufunga mashine kwenye mikono mitatu ya trekta: mkono wa chini wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, kwa kuwa kwenye matrekta mengi wa kulia ndio wenye skrubu ya kurekebisha urefu. Kisha mkono wa juu. Shafti mwisho. Kufungua, anza na shafti.

Huo mkono wa juu msiudharau. Zamani plau ilikokotwa kwa nyuma tu. Ikinasa kisiki, trekta liliweza kuinua pua na kumpindukia dereva. Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, ndiye aliyefanya mikono hii mitatu ienee, hasa baada ya kuungana na Ford wakatoa trekta la mwaka 1939. Sasa mkono wa juu unaozuia hayo, wewe unakuja kuuchomekea kipande cha nondo badala ya pini! Pini za chini za trekta dogo kwa kawaida ni milimita 22. Plau uliyoazima ikiwa na tundu la 28, tia bushi, kijibomba cha kujaza nafasi.

Naoneshwa saa. Haraka haraka basi: ninyi mlionunua matrekta ya Kijapani yaliyotumika, PTO zake zina spidi tatu au nne, hakikisheni mko kwenye ile ya 540. Kama klachi ni ya hatua moja, inayokata PTO na magurudumu kwa pamoja, slasha inayoendelea kuzunguka inaweza kulisukuma trekta mbele hata ukikanyaga klachi. Kuna kifaa cha kufunga kwenye PTO kuzuia hilo, nitawaonesha. Uzito wa mbele na mawe yanayoruka, tutaongelea kwenye maswali.

Au tuache maswali, twendeni nje. Slasha ipo, shafti haijakatwa. Nani ana tepu?