Chai Kwanza, Jembe Baadaye

Wazee, akina mama na vijana mliofika hapa Nyalenda, Kisumu, asanteni. Naona wengine mmevaa raba tayari. Tutateremka kwa miguu hadi Dunga, kule ziwani, lakini hatutoki kabla hatujaongea.

Kule kliniki ya kisukari hakuna wiki inayopita bila kuambiwa, "Sista, mimi mazoezi siwezi." Namtazama viganja, vina sugu za jembe! Mama, kulima asubuhi nzima ni zoezi, tena zito. Misuli ikifanya kazi hufyonza sukari kwenye damu hata bila insulini, ile homoni ya mwili inayoshusha sukari. Ndiyo maana tunawasihi mfikishe angalau dakika 150 kwa wiki, na ndiyo maana pia kuna wanaoanguka shambani.

Anayetumia kidonge cha metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka kupita kiasi. Ninaowahofia ni wa sindano za insulini na wa vidonge vya glibenklamidi. Mtu anaamka saa kumi na moja, anameza kidonge, anabeba jembe, chai ataikuta akirudi. Kidonge kinashusha, jembe linashusha, tumboni hamna kitu. Kufika saa tatu anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno yanamkwama, na majirani wanasema amelewa.

Tazameni. Maji nusu glasi. Natia sukari vijiko vitatu vya chai, nakoroga. Basi. Usimkimbilie na ugali, utachelewa. Anywe hii, akae dakika 15, apimwe tena. Sukari ikiwa bado chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, arudie. Akishapata nafuu ndipo ale. Lakini aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni la usiku. Ukifanya kazi nzito mchana, misuli hukesha ikijaza akiba yake ya sukari, na sukari yaweza kushuka ukiwa usingizini, hata kesho yake. Pima kabla ya kulala. Dozi ya insulini usiipunguze kwa kichwa chako, mwulize daktari. Na kama ni miguu itakayofanya kazi, usijidunge pajani, dawa itaingia mbio.

Mzee wangu wa mbele, niazime gambuti moja. Naikung'uta... mmesikia? Punje ya mahindi. Ameikanyaga tangu nyumbani na hakuihisi. Msimcheke, sukari ikikaa juu miaka mingi huua hisia za nyayo, na kidonda huanzia hapo hapo. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, vaa soksi, na jioni tazama nyayo. Usipoona vizuri, mjukuu akutazamie.

Sasa leteni vidole tupime sukari. Wa insulini na wa glibenklamidi, ukiwa chini ya 5.6, kula kwanza. Ukizidi 14 na unajisikia vibaya, au wewe ni wa insulini tangu utotoni, hutembei mpaka tupime ketoni kwenye mkojo, yaani asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Zikiwepo, leo unapumzika. Na anayetumia dawa ya presha ajue kwamba baadhi yake huficha ule mtetemeko na moyo kwenda mbio, kwa hiyo asisubiri kutetemeka ndipo apime.

Mama wa leso ya kijani, lete mkono. Haya... 4.8. Na asubuhi umemeza nini? Nilijua. Ndizi ziko kwenye karai pale mlangoni. Kula moja, tunakungoja.